Baba wa Nyimbo, Njiwa na Watoto Sita

Wahenga walinena kuwa mtoto hufuata kisogo cha nina. Baba hawakumtaja, lakini kila mzazi ajua kwamba kisogo chake nacho chatazamwa. Katika miji yetu akina baba wengi huondoka nyumbani kabla ya jua kuchomoza na kurejea watoto wakiwa wameshalala. Wengine hufanya kazi mbali kabisa na aila zao, nao watoto hulelewa na nyanya mashambani. Siku baba anapofariki, jamaa hukusanyika matangani wakaulizana watamkumbuka kwa lipi. Mara nyingi hutajwa karo aliyolipa, nyumba aliyojenga na shamba aliloacha.

Hayo si haba. Hata hivyo, watoto wana daftari lao la siri ambalo wakubwa hawalioni. Humo wameandika wimbo ambao baba aliupiga mluzi akinyoa ndevu, njia ya msituni aliyowapitisha Jumapili, na namna alivyonyamaza siku msiba ulipoingia nyumbani.

Juma hili twamwangazia baba mmoja ambaye daftari lake la siri limehifadhiwa, sehemu katika kumbukumbu za mwanawe na sehemu katika karatasi za muziki alizoandika kwa mkono wake. Jina lake ni Antonín Dvořák, mtunzi wa muziki kutoka Bohemia, nchi ambayo leo ni sehemu ya Jamhuri ya Cheki. Dunia yamjua kwa simfoni na opera. Wanawe walimjua kwa njiwa, gari moshi na matembezi ya alfajiri.

MWANA WA MWENYE BUCHA

Dvořák alizaliwa tarehe 8 Septemba 1841 katika kijiji cha Nelahozeves, kaskazini mwa jiji la Prague, kando ya mto Vltava. Wakati huo Wacheki walikuwa chini ya utawala wa Austria. Babake, František, alikuwa na bucha na nyumba ya wageni. Jioni, wateja walipokuwa wakinywa na kupumzika, mzee huyo aliwatumbuiza kwa zitha, ala ya nyuzi ambayo hulazwa mezani na kuchezwa kwa vidole.

Ndiko kijana alikoonja muziki kwa mara ya kwanza. Si kwamba babake alikuwa mwanamuziki mashuhuri. Alikuwa mfanyabiashara mdogo mwenye watoto wengi na pesa chache, lakini alimwachia mwanawe ajifunze fidla na ogani, na mwaka wa 1857 kijana akaenda Prague kusomea ogani.

Alipohitimu, maisha hayakumwendea mteremko. Kwa miaka kama tisa alipiga viola, ambayo ni fidla yenye sauti nene kidogo, katika okestra ya jumba la maigizo, akiongezea mshahara huo mdogo kwa kufundisha watoto wa matajiri piano. Mmojawapo wa wanafunzi hao alikuwa binti aliyeitwa Josefína Čermáková. Dvořák alimpenda lakini hakupendwa. Baadaye alimwoa mdogo wa binti huyo, Anna, mwimbaji mwenye sauti nzuri. Walifunga ndoa tarehe 17 Novemba 1873, wakaishi pamoja zaidi ya miaka 30.

Hakumsahau baba yule wa bucha. Mwaka wa 1884 alialikwa London, akaongoza muziki wake katika ukumbi wa Royal Albert Hall mbele ya kwaya ya mamia ya waimbaji. Magazeti ya Uingereza yaliandika habari za maisha yake. Dvořák alimwandikia babake barua akimweleza kuwa huko ng'ambo magazeti yalikuwa yakisema kwamba alizaliwa katika nyumba ya umaskini, na kwamba babake, mchinjaji na mwenye nyumba ya wageni pale Nelahozeves, alifanya kila aliloweza ili mwanawe asome. Akamwambia mzee huyo kuwa heshima yote hiyo ilikuwa yake. Ni wana wangapi hukumbuka kumwandikia mzazi barua kama hiyo angali hai?

MWAKA WA MAJONZI

Kabla ya sifa hizo za London, nyumba ya Dvořák ilipitia tanuri la moto. Mtoto wake wa kwanza, Otakar, alizaliwa mwaka wa 1874. Mwaka uliofuata alizaliwa binti, Josefa, akaishi siku mbili tu. Miezi michache baadaye baba huyo alianza kutunga muziki wa *Stabat Mater*, sala ya kale ya Kilatini inayosimulia uchungu wa Mama Maria akiwa amesimama chini ya msalaba wa mwanawe. Aliandika rasimu, kisha akaiweka kando.

Mnamo Agosti 1877, binti mwingine, Růžena, ambaye hata mwaka mmoja hakuwa ametimiza, alikunywa maji yenye sumu ya fosforasi akafariki. Kabla ya mwezi kwisha tangu mazishi hayo, ndui ikamshika Otakar, mtoto wa pekee aliyekuwa amebaki. Alifariki tarehe 8 Septemba, siku ambayo babake alikuwa akitimiza miaka 36.

Mwandani wetu msomaji, hebu tafakari. Watu wawili waliooana chini ya miaka minne iliyotangulia walirudi makaburini mara ya tatu, na nyumba ikawa haina kilio wala kicheko cha mtoto. Wanaume wengi wangeingia ulevini. Wengine wangemtupia mke lawama. Dvořák alikuwa Mkatoliki wa kusali kwelikweli. Alizitafuta zile karatasi alizoziweka kando, akaketi na kuikamilisha *Stabat Mater*, na kufikia katikati ya Novemba mwaka huo alikuwa amemaliza. Huo ndio muziki aliouongoza London mwaka wa 1884, na ambao watu wengi hata leo huusikiliza wanapokuwa na msiba.

Huenda mtu akasema kwamba hiyo ni bahati ya aliyejaliwa kipaji. Lakini hata asiye mtunzi anaweza kupata somo hapa. Baba huyo hakuuficha uchungu wake chini ya zulia kwa kuwa eti mwanamume halii. Aliutafutia kazi ya kufanya, na mkewe pamoja na marafiki waliiona kazi hiyo.

Baada ya dhiki, faraja. Mwaka wa 1878 alizaliwa binti aliyeitwa Otilie. Walimfuata Anna, Magdalena, Antonín, Otakar wa pili na kitinda mimba Aloisie, aliyezaliwa mwaka wa 1888. Watoto wote hao sita walikua wakawa watu wazima.

NJIWA WA VYSOKÁ

Josefína, yule binti aliyemkataa Dvořák ujanani, aliolewa na mtu wa ukoo wa kikabaila, Kounic, aliyekuwa na shamba kubwa katika kijiji cha Vysoká, kusini-magharibi mwa Prague. Dvořák alipendezwa na mahali hapo. Pesa alizopata kutokana na muziki wake zilipoanza kutosha, alinunua kutoka kwa shemejiye huyo jengo kuukuu la shambani pamoja na kipande cha ardhi, akalitengeneza likawa nyumba ya aila. Ilikuwa mwaka wa 1884.

Tangu hapo, kila majira ya joto yalipofika, alifunga virago mjini akaenda na mkewe na watoto Vysoká. Alipanda miti na maua. Aliamka alfajiri akatembea msituni kabla ya watu kuamka, akisikiliza ndege. Alipenda kuongea na wachimba migodi na wakulima wa kijiji, bila kujali cheo. Kandokando ya nyumba alifuga njiwa, akawapenda kupita kiasi. Marafiki waliotaka kumfurahisha walijua kuwa zawadi ya kumpelekea ni njiwa wa aina ngeni.

Njiwa hao hawakuwa mchezo wa mtu asiye na kazi. Mengi ya aliyoyatunga yalitungwa au kukamilishwa pale shambani. Opera yake ya *Rusalka*, hadithi ya binti wa majini anayempenda mwanadamu, aliiandika huko mwaka wa 1900, karibu na kidimbwi kilichomo msituni. Alisikia maji, akasikia upepo, kisha akaketi kuandika.

Waliofika kwake walisimulia kuwa chumba chake cha kazi hakikuwa na amri ya "usiingie". Watoto waliingia na kutoka wakati baba anaandika. Si kwamba alikuwa malaika. Alikuwa mtu wa hasira za haraka, na wanafunzi wake walizijua. Lakini kelele za nyumbani hazikuwa miongoni mwa mambo yaliyomkasirisha. Baba anayeandika simfoni ya vyombo hamsini akizungukwa na watoto anawafundisha kwamba kazi ya baba si adui wa watoto.

Mapenzi yake mengine yalikuwa gari moshi. Alipokuwa mtoto, reli ilijengwa ikapitia kijijini kwao, na mshangao ule haukumtoka moyoni maisha yake yote. Akiwa Prague alikwenda stesheni kutazama injini, akijua nambari zake na saa zake za kufika. Inasimuliwa kwamba siku moja alikuwa na shughuli, akamtuma mwanafunzi wake Josef Suk, aliyekuwa akimchumbia Otilie, akamsomee nambari ya injini fulani. Kijana akarudi na nambari ya behewa la makaa. Mzee akamgeukia bintiye akamwuliza kama kweli huyu ndiye mtu anayetaka kumpa mkono wake! Otilie hakubadili nia. Waliooana walioana, tena tarehe 17 Novemba 1898, siku wazazi wa bibi arusi walipotimiza miaka 25 ya ndoa.

KAZI YA NG'AMBO NA WATOTO WALIOBAKI KWA NYANYA

Sasa twafika penye fundo la hadithi hii, na nadhani wengi wetu watajiona humo.

Mwaka wa 1891, mama mmoja tajiri wa New York, Jeannette Thurber, aliyekuwa ameanzisha chuo cha muziki cha National Conservatory, alimwalika Dvořák akawe mkurugenzi. Mshahara ulikuwa dola 15,000 kwa mwaka, mara nyingi zaidi ya alizokuwa akilipwa kama mwalimu mjini Prague. Dvořák alisita. Ana watoto sita, mkubwa hajafika miaka 14 na mdogo ana mitatu. Ana mzee wake kijijini. Ana njiwa wake. Lakini mkataba ulikuwa mnono na mustakabali wa watoto ulihitaji pesa. Inasimuliwa kuwa jambo hilo lilijadiliwa mezani na aila nzima ndipo akatia sahihi.

Mnamo Septemba 1892 walisafiri kwa meli: baba, mama, Otilie na Antonín. Watoto wanne wadogo walibaki Bohemia na nyanya yao, mamake Anna. Hali hii haihitaji maelezo kwa msomaji wa Nairobi, Mombasa au Nakuru. Ni mara ngapi twaona mtu akipata kazi Doha, London au hata mji wa jirani, akachukua watoto wawili na kuwaacha wengine kwa ajuza kijijini?

New York ilimpa Dvořák heshima na pesa, lakini ilimnyima mambo aliyoyapenda. Katika stesheni za huko asiye na tikiti hakuruhusiwa kufika kwenye injini. Basi akageukia bandari. Alikwenda kutazama meli kubwa, akajua majina yake na siku zake za kung'oa nanga. Alikwenda Central Park kutazama njiwa. Meli hizo hazikuwa za kutazamwa tu. Ndizo zilizobeba barua za kwenda na kutoka kwa watoto.

Huko chuoni alikutana na kijana mweusi aliyeitwa Harry Burleigh. Burleigh alikuwa amejifunza nyimbo za kiroho za watumwa kutoka kwa babu yake, aliyekuwa mtumwa kabla ya kujikomboa. Dvořák alimwalika nyumbani amwimbie, tena na tena. Mwaka wa 1893 mzungu huyu aliyeheshimiwa alitangaza katika gazeti la New York kwamba muziki wa Marekani ungepaswa kujengwa juu ya nyimbo za watu weusi. Nyakati hizo kauli kama hiyo iliwashtua wengi. Burleigh mwenyewe baadaye alikuja kuwa mtunzi mashuhuri aliyezihifadhi nyimbo hizo kwa maandishi. Hapa tena twaona kazi ya mzee nyumbani: babu aliimba, mjukuu akasikia, na nyimbo zikafika dunia nzima.

SIMU KUTOKA SOUTHAMPTON

Tangu Januari hadi Mei 1893, Dvořák aliandika simfoni yake ya tisa, iliyopewa jina la *Kutoka Ulimwengu Mpya*. Ndiyo simfoni yake inayopigwa zaidi duniani, na wanafunzi wanaoshiriki tamasha za muziki huenda wameusikia wimbo wake wa polepole, unaoanza kwa sauti ya upole kama ya mtu aliye mbali na kwao.

Aliimaliza tarehe 24 Mei. Watu wengi hawajui alichokiandika kwenye ukurasa wa mwisho. Kama desturi yake, alimshukuru Mungu. Kisha, palepale juu ya karatasi ya muziki, akaandika kwamba watoto wamefika Southampton, na kwamba simu ya maandishi imekuja mchana huo. Wale wanne walikuwa njiani pamoja na shangazi yao wa upande wa mama, wakienda kuungana naye. Inasimuliwa kwamba kwa furaha hiyo baba huyo alisahau hata kuandika sehemu ya tromboni katika ukurasa huo wa mwisho!

Kazi kubwa kuliko zote maishani mwake imekamilika, naye anachoandika juu yake ni habari za watoto. Wasomi wa muziki wamechambua kila noti ya simfoni hiyo. Mzazi atasoma mstari ule mmoja akaelewa.

Watoto walipofika, hakuwaweka katika joto la jiji. Msaidizi wake, kijana Josef Kovařík, alikuwa amezaliwa Spillville, kijiji cha wahamiaji Wacheki katika jimbo la Iowa, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka New York. Dvořák aliwapandisha wote gari moshi, wakafika huko mapema Juni. Hapo baba alirudi kuwa mtu wa Vysoká. Alitembea alfajiri kando ya mto, akapiga ogani kanisani wakati wa misa ya asubuhi, akazungumza Kicheki na wazee waliohama miaka mingi kabla. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi minane alikuwa na watoto wote sita chini ya paa moja.

Matokeo yake? Siku chache tu baada ya kuwasili alianza kutunga muziki wa vyombo vinne vya nyuzi, akaumaliza kabla mwezi wa Juni haujakwisha. Huo ndio unaojulikana kama *Kwateti ya Marekani*. Katika sehemu yake ya tatu aliingiza sauti ya ndege aliyemsikia akiimba mtoni. Mara ya kwanza ulipigwa palepale kijijini, na Dvořák mwenyewe pamoja na watu watatu wa nyumba ya akina Kovařík. Nyumba aila hiyo ilimokaa imehifadhiwa kuwa makumbusho.

Zawadi nyingine ilifuata. Mwishoni mwa mwaka huo, New York, alitunga sonatina ya fidla na piano na kuwatunukia wanawe wawili, Otilie aliyekuwa na miaka 15 na Antonín aliyekuwa na miaka 10. Ilikuwa kazi yake ya mia moja kwa hesabu ya orodha yake. Watunzi wengine wangeihifadhi nambari kama hiyo kwa ajili ya mfalme au tajiri. Yeye aliihifadhi kwa ajili ya watoto, akaandika muziki ambao vidole vidogo vingeweza kuupiga. Ndani yake mna wimbo uliomjia alipotazama maporomoko ya maji ya Minnehaha, Minnesota, na ambao inasemekana aliuandika juu ya mkono wa shati kwa kukosa karatasi.

KUCHAGUA NYUMBANI

Mwaka uliofuata mambo yaligeuka. Msukosuko wa uchumi uliokuwa umeikumba Marekani tangu mwaka wa 1893 ulimfikia mfadhili wa chuo, na mshahara ukawa unachelewa. Hata hivyo, Dvořák alirudi New York mnamo Oktoba 1894, safari hii akiwa na mkewe na Otakar pekee. Watoto watano walibaki kwa nyanya.

Upweke ulimwelemea. Majira hayo ya baridi alitunga muziki wake maarufu wa chelo na okestra. Habari zilikuwa zimemfikia kwamba shemejiye Josefína alikuwa mgonjwa sana, naye akaingiza humo wimbo wake wa zamani ambao mama huyo aliupenda. Alipomaliza, aliandika tena kwenye ukurasa wa mwisho shukrani kwa Mungu, tarehe 9 Februari 1895, na kwamba ilikuwa siku ya kuzaliwa ya mwanawe Otakar. Mtoto alikuwa ametimiza miaka 10.

Mnamo Aprili mwaka huo aila iliondoka New York, na Dvořák hakurudi tena. Josefína alifariki mwezi wa Mei, naye akaubadilisha mwisho wa muziki ule wa chelo ili umkumbuke. Mwezi wa Agosti aliandika barua ya kujiuzulu. Sababu yake kubwa ilikuwa aila: hakutaka tena kugawanya watoto kama mtu anayegawanya mzigo wa safari.

Jaribu la pili lilitoka kwa rafiki mwema. Mtunzi mkuu Johannes Brahms, ambaye hakuwa na mke wala mtoto, alimsihi ahamie Vienna. Inasimuliwa kuwa alimwambia asihofu gharama, kwani mali yake Brahms ingekuwa ya aila hiyo. Dvořák aliguswa sana na ukarimu huo, lakini alibaki Prague na Vysoká, kwenye lugha yake, msitu wake na njiwa wake. Kwa pesa alipoteza. Kwa hesabu ya watoto wake, hatudhani alipoteza.

ALIVYOKUMBUKWA

Dvořák alifariki nyumbani kwake Prague tarehe 1 Mei 1904, akiwa na umri wa miaka 62, akazikwa Vyšehrad kwa heshima kubwa. Aloisie, kitinda mimba, alikuwa na miaka 16.

Mkwewe Josef Suk, yule wa nambari ya behewa, alianza kutunga simfoni ya kumwomboleza. Kabla hajaimaliza, mwezi wa Julai 1905, mkewe Otilie naye akafariki akiwa na miaka 27, akaacha mtoto mdogo wa kiume. Suk aliibadilisha sehemu iliyobaki ikawa maombolezo ya baba na binti pamoja. Simfoni hiyo huitwa *Asrael*, jina la malaika wa mauti. Mjukuu wa Otilie, aliyeitwa Josef Suk kama babu yake, alizaliwa mwaka wa 1929 akawa mmoja wa wapiga fidla mashuhuri wa Ulaya mpaka alipofariki mwaka wa 2011.

Otakar, yule mtoto wa siku ya kuzaliwa, aliishi hadi mwaka wa 1961. Aliacha maandishi ya kumbukumbu kuhusu babake, ambayo yalichapishwa kwa Kiingereza mwaka wa 1993, miaka mia moja baada ya majira yale ya joto kule Spillville. Wataalamu wameandika vitabu vingi vikubwa kuhusu mtunzi huyo. Otakar aliandika kuhusu baba.

Twaweza kujifunza nini sisi tunaohangaika na karo, kodi ya nyumba na nauli ya matatu?

Kwanza, kwamba baba hahitaji kuchagua baina ya bidii na watoto kila siku. Dvořák alifanya kazi kwa bidii mno, lakini mlango wake ulikuwa wazi. Ukileta kazi nyumbani, mwache mtoto aketi karibu na karatasi zako.

Pili, matembezi si anasa ya matajiri. Jumapili mchana Arboretum ipo, msitu wa Karura upo, na makumbusho ya reli yapo karibu na stesheni ya Nairobi. Mtoto aliyefundishwa jina la ndege mmoja na babake atalikumbuka atakapokuwa mzee.

Tatu, anayelazimika kuishi mbali na aila asikubali umbali uwe mazoea. Dvořák aliwaleta watoto alipoweza, na aliposhindwa kuishi bila wao alirudi. Si kila mtu anaweza kuacha mkataba, lakini kila mtu anaweza kuuliza mkataba huo utakwisha lini.

Mwisho, andikeni. Wanafunzi, ketini na baba zenu na babu zenu wakati wangali hai, muwaulize nyimbo walizoimba wakichunga, bendi walizozicheza na milima waliyoipanda. Rekodini sauti zao. Nanyi akina baba, nyuma ya stakabadhi ya kwanza ya duka lenu, ramani ya nyumba mliyoijenga au cheti mlichokipata ukubwani, andikeni tarehe na jina la mtoto aliyekuwa akiwasubiri siku hiyo. Karatasi hiyo itakuja kusomwa na mtu ambaye hajazaliwa, naye atajua kwamba babu yake alikuwa akifanya kazi huku akiwafikiria watoto.